Ala Zibadilike, Neno Libaki

Twasikia baadhi ya walimu wenzetu wakizilaumu bendi za Jinja na Mbale kwa kupiga "kopi", yaani kuimba jukwaani nyimbo za kale za watu wengine kwa magitaa ya umeme na vishindo vya roki. Lawama hiyo sisi hatuiungi mkono. Wimbo haukutungwa ufungiwe sandukuni. "Malaika", ulioenezwa na Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960 (wengine hushikilia kwamba mtungaji ni Adam Salim wa Tanzania), ulitoka Marekani mwaka 1965 kwa sauti za Miriam Makeba na Harry Belafonte, na mwaka 1981 ukawafikia Boney M. Kila mmoja aliuvika vazi lake, na wimbo ungali hai.

Ugomvi wetu ni mwingine. Wengi wa waimbaji wetu huimba sauti, hawaimbi maneno. Wimbo wameunasa kwa sikio tu, na penye neno wasilolijua hujaza mlio wowote utoshao mapigo. Mlevi hupiga makofi. Mwanafunzi hubeba kosa hadi darasani. Kisa cha wimbo ule ni mahari: kijana apenda, mali hana. Nasi huku Busoga ndimi zetu huchanganya r na l, basi mahari hugeuka mahali, na mtoto akiulizwa kijana alikosa nini, hujibu kwamba alikosa mahali. Pa kulala, labda!

Wako pia wamkosoao mwanamke aimbaye "Malaika" kwa kitenzi cha kuoa, eti aseme kuolewa. Sarufi wanayo, shabaha wameikosa. Mwanamke huyo anasimama badala ya kijana wa kisa, kama mwimbaji wa taarabu aimbavyo maneno ya malenga. Yeye ajua asemalo. Yule ajazaye mlio hasemi kitu.

Wa nchi nyingine huenda wakaona tunakuza jambo dogo. Lakini wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari, kikiwa amri, na kutangazwa kwake kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, zama za Idi Amin, hakukukipendekeza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari: amri tena, ingawa hii ni njema. Wimbo haukumlazimisha mtu.

Basi kabla ya kupanda jukwaani, wanamuziki na waende Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa makabila mengi, wakaulize maana ya kila neno. Au waje kwetu, tutawaandikia maneno bila malipo. Na mwalimu aonaye haya kuingia ukumbini mchana, bendi ikifanya mazoezi, na atuambie ni wapi pengine vijana wa Mafubira huimba Kiswahili bila kuamriwa.