Nisifungwe kamba

Mimi ni wa hapa Mayoni, mwaka huu natimiza miaka 68. Kifo sikiogopi sana. Naogopa kusahau.

Mama yangu alianza kidogo kidogo: swali lile lile, chumvi mara tatu kwenye mboga. Baadaye akawa anafungua fundo la leso, anatoa noti ya mia, anaikunja, anaifunga tena, kutwa nzima. Usiku mmoja tulimtafuta kwenye miwa kwa tochi hadi alfajiri. Tulimkuta ameketi mtaroni, miguu imechanwachanwa na majani, akimwita dada yake aliyefariki zamani. Majirani wakanong'ona kwamba ni mlozi. Maneno hayo yanaua: Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kudaiwa uchawi. Tangu nisikie habari ile, sikumwacha mama peke yake hata dakika.

Sasa nawaza zamu yangu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinatupa wazee haki ya kuishi kwa heshima. Uswisi mtu anaweza kusaidiwa kufa. Sheria yetu hairuhusu, nami siombi hilo. Nimewaita wanangu tukaandika kwenye daftari: nisifungwe kamba, nisifungiwe chumbani. Shamba lisiuzwe kunilaza wodi ya mahututi nikiwa sina tena pa kurudi. Maumivu yakizidi, niombeeni morfini. Nifie nyumbani, mlango ukiwa wazi, nikisikia trekta za miwa zikipita.