Kanuni Pasipo Maswali

Mwanachuo wa Fizikia huhitimu shahada akiwa na kanuni nyingi. Twauliza: je, amejifunza kuuliza na kupima?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto ya askrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walicheka, mhadhiri aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Hata leo wataalamu hawajaafikiana juu ya jambo hilo.

Kwa maoni yetu, mazoezi ya maabara ambayo jawabu lake limekwisha andikwa kitabuni hayatoshi. Hapana budi kila mwanachuo apewe walau swali moja lisilo na jawabu, pamoja na vikombe, kipimajoto na saa, naye atahiniwe kwa namna alivyopima. Kwani mhitimu huyo ndiye atakayefundisha kesho, pengine hapa Mabatini. Asipozoea kusema “sijui, tupime”, atamnyamazisha Mpemba mwingine.