Toyo Ikichemsha Baada ya Kubadilisha Kulanti: Toa Hewa Kabla Hujatoa Pesa



Msimu wa nyanya nimezoea kuulizwa kuhusu kantangaze na ukungu. Siku hizi naulizwa sana na swali jingine: "Afisa, nimebadilisha kulanti ya toyo, sasa inachemsha kuliko mwanzo. Nifanyeje?"

Kwanza tuelewane. Pikipiki nyingi za magurudumu mawili tunazotumia hupozwa na upepo, hazina rejeta. Hapa naongelea toyo za matairi matatu zenye rejeta, zile zinazobeba matenga yetu kwenda sokoni.

Msimamo wangu ni huu: kama toyo ilikuwa nzima, ikaanza kuchemsha mara tu baada ya kubadilishiwa kulanti, mshukiwa wa kwanza ni hewa iliyobaki ndani. Usikubali injini ifunguliwe wala thamostati ing'olewe kabla hewa haijatolewa.

Jambo hili wewe mkulima unalijua tayari. Pampu yako ya kumwagilia ikiwa na hewa kwenye mpira wa kuvutia, itanguruma kutwa nzima bila kutoa maji. Utaita fundi aifungue? Hapana, utaijaza maji kwanza, hewa itoke. Toyo nayo ina pampu ndogo ya maji. Ikikutana na hewa, maji hayazunguki, joto linabaki kwenye injini. Dalili yake ni rahisi: mpira mmoja wa rejeta unaunguza, mwingine umepoa, na joto linapanda haraka hata kama rejeta ilionekana imejaa.

Sasa kwa nini mafundi wengi hawaitoi hiyo hewa? Siyo kwamba hawajui. Fundi wetu analipwa kwa kufungua na kufunga, halipwi kwa kusubiri. Na kutoa hewa ni kazi ya kusubiri. Kwa hiyo anamimina, anafunga mfuniko, anakimbilia mteja mwingine. Mwambie mapema: "Fundi, nakulipa na muda wa kutoa hewa." Hiyo hela ni ndogo kuliko tenga moja la nyanya zilizoivia njiani.

Kazi yenyewe iko hivi:

1. Injini iwe baridi kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yake yanaruka na kuunguza vibaya.
2. Egesha toyo kwenye mteremko, upande wenye mdomo wa rejeta uwe juu. Hewa hupanda juu siku zote.
3. Mimina kulanti taratibu, huku unaminyaminya mipira ya maji. Kama kuna bolti ya kutolea hewa, ilegeze mpaka itoke kulanti isiyo na mapovu, kisha ikaze.
4. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache isilensi. Mapovu yatatoka. Thamostati ikifunguka, kina cha maji hushuka ghafla. Ongeza.
5. Mapovu yakiisha, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba kati ya alama mbili. Ikipoa, angalia tena.

Bado inachemsha? Angalia vitu alivyogusa fundi. Je, waya wa feni umerudishwa? Mpira wa mfuniko haujachanika? Mfuniko hushikilia shinikizo, na shinikizo ndilo linalozuia maji yasichemke mapema. Huku nyanda za juu, kwenye mita 1,500, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Mfuniko mbovu huku unakuumiza zaidi.

Angalia pia mchanganyiko. Kulanti nzito isiyochanganywa hubeba joto vibaya kuliko iliyochanganywa nusu kwa nusu. Soma kopo, maana nyingine imeshachanganywa tayari. Na maji ya kisima chenye chumvi achana nayo. Magamba unayoyaona kwenye birika ndiyo yatakayoziba rejeta. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, siyo ya asidi.

Mapovu yasipoisha kabisa, au oili ikawa kama chai ya maziwa, hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Zima, usibebe mzigo, ita fundi mzuri.

Kuhusu kung'oa thamostati, wapo watakaokwambia "toa tu, itapoa." Kama shida ni hewa, hujatibu kitu. Kama shida si hewa, umeficha ugonjwa. Na injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kuchakaa mapema. Ukishuku imekufa, weka mpya.

Kulanti ya zamani nayo usiimwage uani. Nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli, ni sumu na ni tamu. Mbwa, mbuzi, hata mtoto anaweza kuilamba. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, andika SUMU.

Unaandika tarehe ya kupulizia dawa na tarehe ya mbolea. Andika na tarehe ya kulanti. Nyanya iliyokwama njiani haina bei, hata kama shambani ilikuwa namba moja.

Kazi njema, tukutane shambani.