Ati Ni Meno ya Utoto Tu

Jumapili iliyopita, kwenye matanga huko Osukuru, hapa Uganda, mama mmoja alikuwa akihangaika na mwanawe wa miaka 4 aliyevimba shavu. Mzee mmoja mwenye heshima zake akamtuliza: "Mama, usijisumbue. Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi chai ilinikwama kooni.

Yatang'oka lini, mzee wangu? Hilo hakuna anayeuliza. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akifika miaka 6 hivi, sawa. Magego ya utoto, je? Hayo yanakaa mpaka miaka 10, mengine 12. Kwa hiyo mtoto mwenye gego lililooza unamwambia avumilie miaka 6 au 8! Wewe mzee jino likikuuma Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri uko juu ya bodaboda kwenda Tororo mjini, tena unamhimiza dereva akimbize.

Kisha akifika hiyo miaka 6, nyuma ya magego yale huchomoza gego la kudumu, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi hudhani nalo ni la utoto. Likioza wanasema yale yale, litang'oka. Na kweli linang'oka, ila halioti jingine.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba watu hawa hawa, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, hunong'onezana kuwa ana ebinyo, yale ambayo wenzetu Tanzania huyaita meno ya plastiki. Hapo mtoto hukimbizwa kwa mtu mwenye spoki ya baiskeli iliyonolewa amchimbe ufizi. Sasa tushike lipi: meno ya utoto si kitu, au yanaua? Kinachochimbuliwa pale ni jino la chonge ambalo halijaota. Damu inamwagika, vidonda vinaingia uchafu, na kuhara kunaendelea vile vile kwa kukosa pakiti ya ORS.

Nimechoka pia na ile ya "babu zetu hawakumjua daktari wa meno." Babu zenu hawakurudishiwa chenji ya peremende! Ukinunua sabuni pale Malaba, shilingi 100 yako hairudi, unasukumiwa pipi "za mtoto", na ukilalamika unaonekana bahili. Halafu babu yangu mimi alikuwa analoweka posho kwenye mchuzi mpaka ilainike, maana cha kutafunia hakuwa nacho.

Mtoto apelekwe kwa daktari wa meno akiwa haumwi, jino la kwanza likishachomoza, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Siku hiyo anapakatwa na mama yake, anaangaliwa kinywa, anahesabiwa meno, basi, wanarudi nyumbani. Kabla ya hapo mzoeshe jioni: mlaze pajani, mpitishie mswaki wenye dawa kiasi cha punje ya mchele, mhesabie moja, mbili, tatu mpaka acheke. Sisi tunafanya nini? "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akung'oe!" Miaka minne tunamfanya daktari kuwa zimwi, kisha siku shavu limevimba tunashangaa mtoto kumng'ata kidole. Mimi ningemng'ata mkono mzima.