Wanachokikata Ndicho Kingewatetea

Wawindaji wengi wa Marekani wanaamini kwamba vipindi vya uwindaji vinawaharibia jina kwa sababu vinaonyesha kifo. Dawa yao ni mkasi: ondoa damu, ondoa mnyama anayetapatapa, na mtazamaji wa mjini atatulia. Mimi nasema dawa hiyo ndiyo inayozidisha ugonjwa.

Tazama kipindi cha kawaida cha nusu saa. Ukitoa matangazo hubaki dakika ishirini na ushee, na humo lazima dume lenye pembe kubwa lianguke, maana wanaolipia ni watengenezaji wa bunduki, darubini na pinde. Mara nyingi mahali penyewe ni shamba la Texas lenye mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu, na kulungu ameshaizoea saa hiyo. Risasi inalia, inarudiwa kwa mwendo wa polepole, mwindaji anarusha ngumi hewani, kisha anachuchumaa nyuma ya pembe akitabasamu. Mnyama keshafutwa damu, ulimi umerudishwa kinywani. Hatuoni mtu akichuna, wala akibeba paja begani. Kule kufuata matone ya damu kichakani hadi giza liingie, kazi ambayo mwindaji anayejiheshimu haikwepi, hakuonyeshwi kabisa.

Kinachobaki ni kifo kisicho na sababu, na hicho ndicho kinachowachukiza watu. Uchunguzi wa maoni wa Responsive Management wa mwaka 2019 ulikuta Wamarekani wapatao asilimia 80 wanaukubali uwindaji halali. Walipoulizwa kuhusu kuwinda kwa ajili ya nyara, waliokubali hawakufika hata theluthi. Risasi ni ileile; kilichobadilika ni sababu ya kuifyatua.

Mwaka 2013 kipindi cha Under Wild Skies kiliposababisha ghadhabu, mtangazaji wake alikuwa amempiga tembo risasi ya uso Botswana, kisha ikanywewa shampeni. Alipowafananisha wakosoaji wake na Hitler, NBC Sports ikakifuta kipindi. Hapa Tanzania, mwaka 2014, Waziri Lazaro Nyalandu aliifutia leseni kampuni moja ya uwindaji wa kitalii baada ya mkanda wa video kuonyesha wanyama wakiteswa. Nchi hii inaruhusu uwindaji kwa sheria, na wanyama hufa vitaluni kila msimu. Kilichoudhi ni ukatili na utovu wa heshima.

Naambiwa hakuna atakayekaa kutazama matumbo yakitolewa. Mbona wamekaa? MeatEater, kipindi cha mwindaji Steven Rinella, kilianza mwaka 2012 kwenye Sportsman Channel. Humo kisu kinapita ngozini mbele ya kamera, nyama inakatwa na kupikwa palepale kambini, na safari nyingine Rinella anarudi mikono mitupu. Netflix ikakichukua kipindi hicho, ikakifikisha kwa watu ambao hawajawahi kushika bunduki.

Na hao ndio wenye kura. Wawindaji hupenda kutaja, tena kwa haki, sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, ambayo kodi yake ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi hugharimia hifadhi ya wanyamapori majimboni. Lakini California, mwaka 1990, kuwinda puma kulipigwa marufuku kwa kura ya wananchi. Mpiga kura wa namna hiyo haji porini. Anachokijua kuhusu mwindaji ni kile alichoonyeshwa sebuleni kwake.