TUZO NI ZA VIONJO, CHUNGU KIKO KILWA

Nimerudi juzi kutoka nyumbani, Kilwa Kivinje, na begi langu bado linanuka samaki wa kukausha niliofungiwa na mama. Nimerudi pia na jambo linalonikereketa kooni. Gazetini kwangu halitapata nafasi, na sababu nitaieleza huko mbele, kwa hiyo nimeona nilimwage hapa hapa.

Jambo lenyewe ni tuzo zetu za muziki.

Najua kuna wadau wameshaguna. Watasema huyu naye kaanza, kila mwaka ni kelele zile zile, fulani kapendelewa, fulani kanyimwa. Hapana ndugu zangu, mimi sina ugomvi na mshindi yeyote. 20 Percent alipoondoka na tuzo 5 mwaka 2011 nilikuwa bado mtoto wa shule na nilishangilia kama vile tuzo moja imekuja kwetu. Diamond Platnumz alipobeba 7 mwaka 2014 wapo walionuna, lakini nani angesema kijana yule hakufanya kazi? Wapeni haki yao. Ugomvi wangu ni na neno moja tu lililoandikwa kwenye bango la ukumbini. Neno hilo ni "Tanzania".

Hebu niwasimulie kwanza.

Usiku wa Jumamosi kulikuwa na harusi mtaa wa pili kutoka kwetu. Akina mama wakatoa ngoma. Sisi wanaume tukajibanza pembeni, kama ilivyo ada, tukisikiliza. Aliyekuwa akiongoza ni bibi mmoja ambaye umri wake hata yeye anaukadiria. Bwana harusi alikuwa amechelewa kufika, na bibi yule akamtungia papo hapo. Beti baada ya beti, mafumbo matupu, bila karatasi wala simu, na wenzake wakimpokea kana kwamba waliufanyia mazoezi wimbo ule mwezi mzima. Watu walicheka mpaka machozi. Noti zikawa zinamiminika, anabandikwa hii kwenye paji la uso, anachomekewa ile kwenye kilemba.

Asubuhi nikapita kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje?"

Nikamwambia, nusu utani nusu kweli, kwamba kwa kazi ile ya jana yeye anastahili kupewa tuzo.

"Tuzo tena? Mbona nimetuzwa jana, wewe hukuona?"

Nikamweleza kuwa ziko tuzo za taifa, hutolewa Dar es Salaam, watu huvaa suti na hupigiwa kura kwa simu na kwenye mtandao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nimepanda nalo basi, nikavuka nalo daraja la Rufiji na kufika nalo Mbagala bila jibu.

"Sasa baba, watanipigiaje kura watu ambao hawajanisikia?"

Jamani, mimi nina shahada ya uandishi wa habari na sikuwa na la kumjibu.

Tazameni alichokisema bibi yule. Sisi watu wa pwani neno "tuzo" hatukulipata ukumbini. Kutuza ni kitendo. Unamsikia mwimbaji, amekugusa, unainuka kitini, unakwenda mpaka alipo na kumpa ulicho nacho mbele ya watu. Anayetuza lazima awe amesikia, na kila mtu anamwona ni nani na katoa nini. Tukalichukua neno hilo, tukalivalisha tai na kuligeuza. Leo tuzo hutolewa na aliye mbali, kwa siri ya kitufe cha simu, na mara nyingi kwa mtu aliyesikika kwa sababu tayari alikuwa anasikika.

Mlolongo wenyewe uko hivi. Ili ushindanishwe, uwe na wimbo uliorekodiwa. Ili wimbo ujulikane, upigwe na redio na televisheni, ambazo karibu zote kubwa ziko Dar es Salaam. Ili upate kura, mpiga kura awe amekusikia huko. Ukishashinda, redio zinakupiga zaidi, na mwakani unarudi ukiwa na nguvu kuliko mwanzo. Hakuna mwizi wala fisadi katika mduara huo. Mduara tu ndivyo ulivyochorwa, na aliye nje yake anabaki nje.

Wapo watakaonijibu kwamba muziki wa asili una kipengele chake. Naam, hapo ndipo nilipokuwa napataka! Enzi za Tuzo za Kili kipengele kiliitwa Wimbo Bora Wenye Vionjo vya Asili ya Kitanzania. Rudia kulisoma jina hilo taratibu. Vionjo! Mpishi akionja mchuzi anachota tone moja kwa mwiko, anaweka kiganjani, analamba. Sisi tukaamua kutoa tuzo kwa lile tone la kiganjani. Chungu chenyewe hakikualikwa. Simsemi vibaya Mrisho Mpoto wala mwingine aliyewahi kuitwaa tuzo ile, kwani walichota kwa ustadi na wakaunywesha umma. Nauliza tu, aliyepika anapewa nini?

Na fikirieni ukubwa wa kapu lenyewe. Bongo fleva ina vipengele vyake kadhaa. Hip hop ina chake, taarabu ina chake, dansi lina chake. Halafu Wamwera, Wamakonde, Wamatumbi, Wangindo, Wagogo, Wasukuma, Wahaya na makabila mengine zaidi ya mia moja, wote na ngoma zao, marimba yao na zeze zao, wanasukumwa katika kapu moja linaloitwa "asili". Kaazi kwelikweli.

Tukumbushane historia kidogo. Tuzo hizi zilianza mwaka 1999 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na jina la marehemu James Dandu halisahauliki katika kuziasisi. Kwa miaka mingi zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro. Baada ya 2015 zikasimama, zikarudi 2022 zikiandaliwa na BASATA pamoja na Wizara. Zilipokuwa na jina la bia ningeweza kuzisamehe. Mwenye bia anatafuta wanywaji, na bibi yangu wa Kivinje hanywi. Lakini Baraza si kiwanda. Limeundwa kwa sheria ya mwaka 1984 kusimamia sanaa ya nchi nzima, kuanzia Tandale mpaka Liwale. Likitoa tuzo linasema kwa niaba ya Jamhuri. Kwa hiyo ni haki yangu kuuliza Jamhuri hiyo inaishia wapi. Mbagala?

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Alipohutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni, alitaja ngoma kwa majina: gombesugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama. Aliuliza ni wangapi kati yetu wanazicheza au hata kuzisikia, wakati rumba na chachacha tunaziweza. Angalieni, hakusema "vionjo". Alitaja kila ngoma kwa jina lake, kwa maana kitu kisichotajwa jina ni rahisi kukipoteza.

Na kwa upande wa Kilwa, jina letu limekuwa likitumika sana bila sisi wenyewe kuwemo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ahmed Kipande aliunda bendi jijini Dar es Salaam na kuiita Kilwa Jazz. Wakati ule bendi zilijitambulisha kwa kwao, ndiyo maana kulikuwa na Rufiji Jazz, Ulanga Jazz na Western Jazz. Ukienda mjini kutafuta, unatamka kwenu. Leo kijana wa Kilwa akifika studio za Dar jambo la kwanza anaambiwa abadilishe lafudhi.

Kuna na la gesi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu ya Kilwa, inapelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Maana yake ni kwamba kila usiku wa tuzo, taa zinapomulika zulia jekundu na spika zikaguruma, sehemu ya moto ule inatoka kwetu. Tunawasha jukwaa ambalo hatujapanda. Hata magofu yetu yametuzwa, kwani UNESCO iliyaweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mawe yametambuliwa. Wenye pumzi bado.

Sasa nije kwa nafsi yangu, maana mnyoosha kidole vidole vingine vinamrudia. Mwaka jana niliandika habari ya kikundi cha ngoma cha kwetu, maneno 800 na picha mbili. Mhariri, ambaye ni mtu mwema na simtaji, aliisoma akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, hawa wana wimbo gani?" Habari haikutoka. Wiki hiyo hiyo nilipewa nusu ukurasa kuandika nguo alizovaa msanii mmoja usiku wa tuzo, na niliandika. Tena niliandika vizuri, nikasifiwa. Kwa hiyo ninapousema mduara ule mimi siko nje yake. Mimi ni mmoja wa wanaouzungusha, na mshahara nimeula.

Najua hoja zitakazokuja, acha nizijibu kabisa.

Hoja ya kwanza ni kwamba muziki ni biashara na tuzo humfuata anayeuza. Sawa, basi ziiteni tuzo za mauzo, tutazielewa na tutazipigia makofi. Msiziite za taifa.

Hoja ya pili ni kwamba ngoma haipimiki. Ebo! Zama za ukoloni vikundi vya beni, Marini kwa Arinoti, vilishindana katika miji ya pwani hii hii, na watu walijua kabisa nani kamwangusha nani. Bi Kidude naye alikuwa mpiga ngoma wa unyago na mwimbaji wa taarabu. Wazungu wa WOMEX walimpa tuzo mwaka 2005 akiwa bibi kizee, bila kuuliza amepigiwa kura ngapi za simu. Walimsikia, wakamtuza.

Hoja ya tatu ni nzito na naiheshimu. Kuna ngoma ambazo si za kuwekwa jukwaani. Unyago na jando vina mambo yake ya ndani, na hata mimi mwana wa Kivinje nikifika mlangoni nageuka. Nakubali. Wenyewe ndio waseme kipi kitoke na kipi kibaki. Lakini ngoma za harusi, za mavuno na za kupokea wageni ziko nje, mchana kweupe, na bado hatuzisikii.

Na msiniambie vipengele havibadiliki. Singeli ilikuwa inaitwa kelele za uswahilini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa santuri ya Sounds of Sisso, Ulaya wakaruka nayo, na tuzo ziliporudi 2022 singeli ilikuwa na kipengele chake. Vizuri sana, vijana wale walistahili. Lakini kwa nini kila mara tusubiri mgeni aje atuonyeshe kilichomo ndani ya nyumba yetu?

Ninachopendekeza hakihitaji mabilioni. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, na mkoa wa Lindi una halmashauri 6. Afisa huyo apewe kazi ya kupeleka majina ya waimbaji na vikundi, pamoja na sauti iliyorekodiwa hata kwa simu ya mkononi. Majaji wachache wapande basi, wavuke Rufiji (daraja lipo tangu 2003, hakuna tena habari ya kusubiri pantoni), waketi kwenye mkeka wasikilize. Kapu la "asili" livunjwe kwa kanda, na kura za simu zisihusike kabisa katika kipengele hicho. Na kila kitakachoshinda kihifadhiwe mahali ambapo mjukuu wa mshindi anaweza kukikuta.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Msanii wa mjini akikosa tuzo mwaka huu atatoa wimbo mwingine, atarudi mwakani. Bibi yangu yule hana mwakani wa uhakika. Beti zile za Jumamosi hakuna aliyezirekodi, hata mimi mwandishi wa habari mwenye simu mfukoni nilikuwa nacheka tu. Nilipomwomba asubuhi yake arudie, aliniambia zimekwenda na usiku wake.

Nilimpa elfu tano yangu mkononi. Ndiyo tuzo pekee niliyokuwa na mamlaka ya kuitoa, na angalau nilikuwa nimemsikia.

Naomba kuwasilisha.