"Fanya Mazoezi" Ni Nusu ya Ushauri

Hakuna kliniki ya kisukari isiyotoa agizo hili: fanya mazoezi. Ni agizo jema. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayejidunga insulini, agizo hilo likitolewa bila maelezo laweza kumponza. Kwa maoni yangu, ni wajibu wetu wahudumu wa afya kulikamilisha.

Msuli una ghala lake la wanga, yaani glikojeni. Mtu akimbiapo au alimapo kwa nguvu, msuli huchota kwanza humo. Sambamba na hilo, hufungua milango ya kupokea glukosi ya damu bila kungoja insulini. Ini nalo hutoa glukosi kufidia. Lakini insulini iliyodungwa inapokuwa nyingi mwilini, hulizuia ini kutoa ya kutosha, na huku msuli unaendelea kuvuta. Hapo sukari hushuka.

Hatari haikomi kazi inapokoma. Mwaka 1966, nchini Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja hadi akachoka kabisa. Kisha wakala vyakula vya wanga kwa siku 3. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni takriban maradufu ya ule uliopumzika. Msuli uliomaliza akiba hudai kulipwa kwa saa nyingi. Ndiyo maana aliyelima alasiri huweza kushukiwa na sukari usiku wa manane, akiwa usingizini.

Wapo wanaohofu kwamba maelezo haya yatawatisha wagonjwa waache mazoezi. Sikubaliani nao. Anayemtisha mgonjwa ni yule anayemwacha azinduke usiku akitetemeka na kutokwa jasho, asijue sababu.

Basi tumwambie yote. Apime sukari kabla ya kazi nzito, baada yake, na kabla ya kulala. Atembee na sukari mfukoni. Ikishuka, ale gramu 15, yaani vijiko vidogo 3 au 4, apime tena baada ya dakika 15. Asiache insulini kwa hofu. Azungumze na daktari kuhusu kupunguza kipimo siku za kazi nzito. Nawe mgonjwa, usipoelezwa haya, uliza. Ni haki yako.